Supachaja ya Mkwe

Watu walimwita Hebunione, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua, kwa kuwa ndiyo maneno yaliyomtoka kila alipokabidhiwa kitu. Akiletewa kilo ya sukari, hebu nione. Akiambiwa mvua imekatika, hebu nione, na kichwa tayari kiko dirishani. Mkewe alipenda kuwasimulia wageni kwamba siku binti yao alipozaliwa na mkunga akatamka uzito wake, mume wake aliikagua mizani ya wodini kwanza, mtoto baadaye.

Hakuwa mtu mbaya. Kazi ndiyo iliyomfinyanga. Alikuwa mkaguzi wa vipimo, mtu wa kuzunguka madukani, maghalani na kwenye vituo vya mafuta, akijaribu mizani za watu kwa mawe yake ya chuma na pampu za petroli kwa ndoo yake ya kupimia yenye shingo ya kioo. Kipimo kikitimia, alipitisha waya mwembamba kwenye pampu, akabana kidonge cha risasi chenye alama ya idara, asije mtu akatia mkono ndani. Kikipungua, alifunga kituo. Alizeekea katikati ya watu waliomchekea usoni huku moyoni wakimwombea pancha. Mtu aliyeishi hivyo hawezi tena kusikia kicheko kikiwa kicheko tu. Hutafuta kilichofichwa nyuma yake, na asipokiona hulala akijilaumu kwamba hakutafuta vizuri.

Kwa mtu wa aina hiyo, kupata mkwe ni msiba mdogo.

Binti yao huyo mmoja aliolewa na fundi wa magari. Siku kijana alipoletwa nyumbani kujulishwa, Hebunione hakumtazama usoni. Alimtazama kucha. Zilikuwa safi, zimekatwa vizuri, hazina hata mstari wa grisi.

"Fundi gani ana kucha za nesi?" alimnong'oneza mkewe jikoni. "Ama hafanyi kazi, ama ana kitu cha kuosha."

"Ana sabuni," mkewe akasema. "Hata wewe ukitaka nitakununulia."

Kulikuwa na jambo jingine. Kijana alikuwa amewahi kushindana na wenzake kupanda mlima kwa magari, Jumapili alfajiri, kabla malori hayajaamka. Binti alimwekea sharti wazi: achague yeye au achague mlima. Kijana alimchagua yeye, akasema gari la mashindano ameliuza. Kila mtu alifurahi. Hebunione peke yake ndiye aliyeuliza limenunuliwa na nani, na jibu alilopewa, "jamaa fulani wa mbali," lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki tangu harusini. Tangu wakati huo, mkwe asipokuwepo, alimwita "kile kijana".

"Mume wa mwanao si kikombe," mkewe alimkemea, "useme kile."

Mambo yangeendelea hivyo, kila mmoja na kona yake, kama si mlima. Barabara ya kupanda ilianza pale mji ulipoishia, nyuma ya kiwanda cha matofali, ikajikunja kona juu ya kona hadi kwenye tambarare ya juu, kwenye maduka na vituo vya mafuta ambavyo havikuwa vimeona mkaguzi tangu gari la idara lilipokufa. Mkuu wa idara, mwanamke mpole anayesema mambo makali kwa sauti ya kubembeleza mtoto, alimwita ofisini.

"Mzee wangu, huko juu watu wanaibiwa. Ukiweza kupanda na mawe yako kwa gari lako mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi ujao, ukanda wa juu ni wako, na barabara ni yako mpaka ustaafu. Ukishindwa, nitampa kijana mwenye gari la kueleweka, na wewe njoo kaunta. Upumzike."

Neno hilo la mwisho lilimwingia kama baridi. Kaunta aliijua. Ilikuwa chumba kisicho na dirisha nyuma ya masijala, ambako watu walileta mizani zao ndogo zipigwe muhuri. Mwenzake mmoja alipelekwa huko akiwa mpiga soga maarufu. Sasa ukimsalimu alijibu kwa kutikisa kichwa, tena akitazama kwanza una mizani gani mkononi. Hebunione hakuogopa kufa sana. Aliogopa chumba kile.

Akapakia mawe yote ya chuma nyuma ya gari na kujaribu. Gari lake lilikuwa zee, la injini ndogo, tiifu mahali tambarare. Kwenye kona ya mwamba, katikati ya mlima, liliishiwa. Alikanyaga mafuta mpaka kiatu kikagusa bodi. Gari likatetemeka, likasimama, likaanza kurudi nyuma polepole kama mtu anayetoka msibani bila kuaga. Nyuma yake lori lilipiga honi.

"Mzee!" dereva wa lori alitoa kichwa. "Unahamia hapo? Tukuletee kitanda?"

Alishuka kinyumenyume hadi chini, shingo imemkakamaa. Na aliyejua kuipa injini pumzi isiyo yake alikuwa mmoja tu mjini. Alizunguka siku kadhaa akitafuta wa pili. Hakupatikana.

"Karibu, Baba," mkwe alimpokea gereji akifuta mikono. Sikuzote alimwita Baba, na sikuzote Hebunione alilisikia neno hilo kama kitu kilichopakwa mafuta ili kiteleze.

Fundi alifungua boneti, akasikiliza injini ikinguruma bila mzigo, akaizima. "Hii ni nzima," akasema. "Tatizo ni hewa. Mlimani hewa ni nyepesi, na wewe umebeba chuma. Inavuta, haipati. Inabidi tuisukumie."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa tabo au kwa supachaja. Tabo inazungushwa na moshi unaotoka. Ni nzuri barabara ndefu. Lakini kwenye kona unapunguza mwendo, moshi unapungua, tabo inasinzia. Ukitoka kwenye kona unaiamsha, inajinyoosha kwanza, inapiga miayo. Wakati huo wewe na mawe yako mmeshaanza kurudi. Supachaja inazungushwa na mkanda, moja kwa moja kutoka kwenye krenki ya injini. Injini ikizunguka, nayo inazunguka. Haina usingizi."

"Na nguvu ya kuizungusha inatoka wapi?"

"Kwenye injini hiyo hiyo."

"Kwa hiyo inaiba."

"Inakopa, Baba. Inarudisha zaidi ya ilichochukua."

"Wote husema hivyo," Hebunione akasema.

Mkwe alicheka. Hebunione alikitazama kicheko hicho pande zote.

Siku ile, na nyingine zilizofuata, walikaa kwenye benchi la gereji na kuchagua. Zilikuwepo supachaja za umbo la konokono, ambazo husukuma sana injini ikikimbia na kidogo ikitembea. Mkwe alizikataa kwa sababu mlimani gari halikimbii. Zilikuwepo za parafujo mbili nene zilizosokotana ndani ya sanduku la chuma, zinazosukuma tangu injini inapoanza kukokota. Hiyo ndiyo waliyoishika, tena ndogo. Hebunione alitaka kujua kwa nini ndogo, kama kubwa ipo.

"Kwa sababu injini ni ya zamani. Tukiishindilia hewa kama tairi, itapasua gasketi, au ianze kugonga ndani mpaka ivunje pistoni. Tuisukume kidogo tu, ifike juu."

Hilo Hebunione alilielewa, na kwa kuwa alilielewa, akalitilia shaka zaidi. Uongo mzuri, kwa uzoefu wake, ndio unaoeleweka.

Kisha ikaja habari ya mafuta, na hapo ndipo walipokaribia kugombana. Mkwe alisema hewa ikiongezeka, petroli nayo lazima iongezeke kwa kiasi chake, la sivyo mchanganyiko unakuwa mwembamba, moto unakuwa mkali kupita kiasi, na pistoni inatoboka katikati kama bati. Hivyo pampu iliyomo ndani ya tangi haitafaa. Itahitajika yenye nguvu zaidi. Kidhibiti cha presha kibadilishwe. Chujio jipya. Nozeli zinazonyunyiza petroli kwenye injini, zote nne, ziwe za tundu pana. Na mwisho kompyuta ya gari ifundishwe upya, kwa geji ya kusoma mchanganyiko kutoka kwenye bomba la moshi.

"Nilikuja na shida ya hewa," Hebunione akasema. "Sasa nina shida ya tangi, bomba, nozeli na kompyuta. Nikikaa hapa mpaka jioni utanibadilishia na viatu."

"Viatu ni vyako, Baba. Ila unakanyaga mafuta kwa kisigino. Nimeona."

Binti, aliyekuwa amekuja kumletea mumewe chakula, alicheka mpaka akashika tumbo lake la ujauzito. Kisha alimfuata baba yake nje, uso umebadilika.

"Baba, unampima mume wangu kama pampu ya kituo."

"Pampu haichukii kupimwa."

"Basi leo pima, ukiridhika umfunge na risasi yako, umwache. Nimechoka kukaa katikati."

Alipima kweli. Siku nozeli zilipofika alikuja na bomba zake nne za kioo kutoka kwenye sanduku la kazi, zile zenye mistari myembamba, akadai nozeli zinyunyize ndani yake moja moja, kwa presha ileile na kwa muda uleule. Mkwe hakubisha. Aliziunga kwenye mtambo wake, zikanyunyiza, vioo vikajaa taratibu na harufu ya petroli ikapanda machoni. Hebunione aliinama, jicho moja amefumba. Tatu zilikuwa sawasawa. Ya nne ilikuwa pungufu, kidogo sana, unene wa ukucha.

"Uliniambia seti moja," akasema polepole. Alihisi ile raha ya kazini, ya kumkuta mtu.

Mkwe naye aliinama, akatazama. "Kweli. Hiyo silinda ingekuwa inaungua kuliko wenzake, na tusingejua mpaka itoboke. Nitairudisha." Akaichomoa, akaiweka kando. Basi. Hakulaumu duka, hakujitetea, hakutoa jasho.

Hebunione alirudi nyumbani hana raha. Mwizi anayebisha alimjua. Alikuwa na namna ya kumshughulikia. Huyu asiyebisha alimkosesha mahali pa kushika.

Ikabaki supachaja yenyewe. Mkwe alisema ameiagiza kwa wakala, mpya, haijaguswa. Siku alipoitwa kuiona aliikuta mezani ndani ya boksi lililofungwa kwa gundi ya karatasi, safi, pembe zote nzima.

"Ndiyo hiyo," mkwe akasema, akaweka kiganja juu ya boksi. "Utampenda, Baba. Huyu ni mtulivu. Akipanda hana makelele, anaimba tu kidogo."

Ndani ya Hebunione kengele ililia.

Ni lazima ieleweke kwamba fundi yule alikuwa na usemi wake, na kwamba baba mkwe wake, kwa ile tabia yake ya kutega sikio, alikuwa ameuchunguza kwa miaka. Mashine ambayo hakuwahi kuifungua, fundi aliiita hii. Gari la mwalimu, jirani yao, lilipovutwa gereji likiwa bubu, alisema, "Hii imekataa kuwaka." Alipolifungua na kuingiza mikono mpaka viwikoni, alitoka akisema, "Huyu alikuwa amezibwa koo." Hivyo hivyo kwa jenereta ya kinyozi, hivyo hivyo kwa friji ya mama mkwe wake. Mashine ilianza ikiwa kitu. Akishaigusa moyo, ilipandishwa cheo ikawa mtu. Hakuwa akijua kwamba anafanya hivyo. Mkewe Hebunione aliwahi kusema kwamba nyumba yao ina mambo: mkwe anawaita vyuma watu, na baba mkwe anamwita mtu chuma.

Na sasa boksi halijafunguliwa, gundi haijachanwa, naye anasema huyu.

"Hebu nione," Hebunione akasema.

"Tutamfungua tukiwa tayari kumfunga kwenye injini, Baba. Vumbi."

"Hebu nione sasa."

Mkwe alimtazama, kisha akachukua kisu. Chini ya gundi mpya Hebunione aliona mstari wa gundi ya zamani, wa rangi ya chai. Hakuuzungumzia. Supachaja ilitoka ndani ya nailoni, imesafishwa ikang'aa kama sufuria ya mgeni. Alipitisha kidole chake kwenye mfereji wa puli, pale mkanda unapokaa, mpaka chini kabisa ambako brashi haifiki. Kidole kilirudi cheusi. Alikinusa. Mpira.

"Mpya," akasema, akimwonyesha kidole.

Redio ya nyumba ya jirani ilikuwa ikitangaza bei za sementi. Mkwe alifumba macho kidogo kama mtu anayesubiri sindano. Hapo tu ndipo Hebunione alipomwona uso vizuri, pengine mara ya kwanza, na alishangaa kuona kwamba ulikuwa uso wa mtu aliyechoka.

"Twende, Baba," mkwe akasema. "Nitakuonyesha. Maneno hutayaamini."

Walikwenda kwa gari la Hebunione mpaka kiwanda cha mbao, jirani na kile cha matofali, mahali barabara ya mlimani inapoanzia. Nyuma ya marundo ya mbao kulikuwa na banda la mabati lenye kufuli. Ndani, chini ya turubai, lilikuwa gari dogo jeupe lililokaa chini chini, viti vya nyuma vimeng'olewa. Kumbe hili ndilo gari lililouzwa kwa jamaa fulani wa mbali. Hebunione alilizunguka. Alifungua boneti: injini ya familia moja na ya gari lake, na juu yake nafasi tupu yenye vibanio, mkanda ukining'inia.

"Injini ni ndugu," mkwe akasema. "Baba mmoja, mama mmoja. Ndiyo maana atakaa kwako bila kuchonga chochote. Nilimfungua mwenyewe, nikambadilishia beringi na sili. Ni mzima kuliko mpya."

"Yeye hajui." Hebunione hakumaanisha supachaja.

"Hajui."

"Angejua ungekuwa unalala hapa."

"Nimeacha, Baba. Ndiyo maana nimemtoa. Bila yeye, gari hili mlimani ni kama lako tu."

"Umeacha lini?"

Mkwe alikwangua rangi ya turubai kwa ukucha wake safi. "Ulipokuja kuniambia habari ya kaunta. Nilimpigia wakala, kweli nilimpigia. Akasema meli, miezi. Ungekuwa umeshaingia chumba kile. Nikaja hapa nikakaa. Nikaona huyu amelala bure, na mwanangu anakuja, na wewe unataka kupanda."

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa zuri mno, na majibu mazuri mno ndiyo yaliyomfanya Hebunione afunge vituo vingi kuliko mabaya. Aliinama akatazama matairi. Yalikuwa na tope kwenye mifereji, na tope halikuwa limepauka. Sakafu ilikuwa na doa la oili, bichi kiasi. Kwenye rafu, nyuma ya makopo ya rangi, lilikaa boksi jingine, kubwa kuliko lile la kwanza, na gundi yake ilikuwa haijaguswa.

"Lile nini?"

"Machujio. Ya wateja."

Lile neno lake, hebu nione, lilimfika ulimini. Ilikuwa hatua chache tu mpaka kwenye rafu. Kama lingekuwa ghala la mfanyabiashara, boksi lingekuwa tayari mikononi mwake na kisu kinachana. Lakini alijua pia, kwa uwazi ule unaomjia mtu akiwa amesimama mahali asipopaswa kuwa, kwamba akilifungua na kukuta si machujio bali supachaja nyingine, kubwa, hataweza kuikubali supachaja ile ndogo. Atalazimika kwenda kwa binti yake. Na mwezi ujao utakwisha, na mawe yake ya chuma yatapewa mtu mwingine, na yeye ataketi kwenye chumba kisicho na dirisha akiwa mtu mwaminifu.

Akaliacha boksi pale. Alikwenda kwenye gari lake, akarudi na koleo lake la kazi, waya na vidonge vya risasi. Alifunga boneti ya lile gari jeupe, akapitisha waya kwenye komeo la boneti na kwenye tundu la grili, akausokota, akabana. Alama ya idara ilikaa juu ya risasi, imara, kana kwamba serikali yenyewe ilikuwa imeambiwa siri ya nyumba yao.

"Hii ukiikata, nitaijua," akasema.

"Sawa, Baba."

"Na mimi sijaja hapa."

Mkwe alimtazama haraka, kwa mshangao wa mtu aliyejiandaa kupigwa akapewa maji. Hebunione aligeuka akatoka nje. Harufu ya mbao mbichi ilimfanya akohoe.

Ufungaji wenyewe ulikwenda vizuri. Pampu mpya ikaingia tangini, nozeli zote nne zikiwa sasa sawasawa kwa macho yake mwenyewe, kidhibiti cha presha, chujio, kisha supachaja juu ya injini na mkanda ukipitishwa kwenye puli. Binti alikuja akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Kumbe kadogo hivi," akasema. "Kametoka wapi?"

Mwanamume mmoja alikuwa chini ya gari na mwingine alikuwa ameshika taa. Aliyeshika taa ndiye aliyejibu.

"Kwa wakala," Hebunione akasema.

"Na umeipima, Baba?"

"Nimeipima."

Binti akatabasamu, akambusu baba yake shavuni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe, akaenda zake. Chini ya gari spana ilianza kulia tena. Hebunione aliisogeza taa karibu na mkanda.

Walipanda siku iliyofuata, asubuhi, mawe yote nyuma. Hebunione aliendesha, mkwe alikaa pembeni na geji ya mchanganyiko mapajani, akiitazama. Nyuma ya kiwanda cha matofali barabara iliinua pua, na kutoka chini ya boneti ukaja wimbo mwembamba, wa juu, kama mtu anayeimba meno yameumana. Gari halikutetemeka. Lilikwea. Kona ya kwanza, ya pili. Kila walipotoka kwenye kona, msukumo ulikuwepo tayari, ukiwangoja. Kwenye kona ya mwamba, mahali alipopewa kitanda, Hebunione alishikilia usukani kwa nguvu akisubiri aibu ije. Haikuja. Walipita. Lori lililokuwa mbele lilibaki nyuma, na akajisikia kifuani kitu kilichofanana na kilio.

Hapo ndipo alipoona mguu. Mguu wa kulia wa mkwe, kwenye zulia ambako hakuna pedali yoyote, ulikuwa ukikanyaga. Uliachia kabla ya kila kona na kukanyaga katikati yake, mapema kuliko ule wa Hebunione, kwa uhakika wa mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Macho yalikuwa kwenye geji. Mguu ulikuwa mahali pengine.

Mguu wa zamani, Hebunione alijiambia. Miguu haisahau.

"Kona inayokuja, Baba, kaa kulia," mkwe akasema bila kuinua kichwa. "Ukitoka tu kuna mahali wamechimba, kushoto."

Hebunione alikaa kulia. Walipotoka kwenye kona palikuwa na shimo, kushoto, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Udongo uliorundikwa kando yake ulikuwa bado mweusi kwa umajimaji. Jua la siku moja lingeukausha, la siku mbili lingeufanya kijivu; aliyeliona shimo hilo alipita hapa tangu jana.

Malori hupita hapa, akafikiri. Madereva huja gereji. Madereva husema. Inawezekana kabisa.

"Umejuaje?" akauliza.

Mkanda uliimba. Mbele yao barabara ilikuwa imebakiza kona mbili, na juu ya ya mwisho paa la kituo cha kwanza cha mafuta lilikuwa limeanza kuonekana, jekundu, lenye pampu ambazo kwa muda mrefu hazikuwa zimeona jicho la mkaguzi.

Mkwe alisogeza geji kidogo, ili mwanga usiizuie.

"Mchanganyiko uko sawa, Baba," akasema.

Palikuwa na nafasi ya kuegesha pembeni. Hebunione aliiona, akaona pia kwamba ina kivuli, na kwamba mtu angeweza kusimama hapo, akazima injini, akauliza tena mpaka ajibiwe. Lakini mzigo ulikuwa mzito, na gari likisimama mlimani hujui kama litakubali kuondoka. Akapita. Akakanyaga mafuta, kwa kidole cha mguu safari hii na si kwa kisigino, na wimbo wa supachaja ukapanda juu zaidi.